Mwanasayansi au Mhandisi? Nasaha kwa Wazazi Katika Msimu wa Kuchagua Shahada

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyempa mwanadamu akili ya kupambanua, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, furaha huingia katika nyumba zetu na hofu hufuata nyuma yake. Tunazifahamu nyumba hizo: za Majengo ya Pumwani, ambako Waislamu wa Nairobi wana mizizi ya zaidi ya miaka mia moja, za Eastleigh na Kaloleni, za Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole, ambako jamaa zetu waliotoka Mombasa, Lamu na Malindi wamepanga vyumba na kulea watoto. Mtoto amepata alama nzuri katika hisabati na sayansi. Wazazi wanamshukuru Mola wao. Kisha siku chache baadaye huja swali la KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo vikuu: huyu mtoto asome nini?

Wengi huletewa mambo mawili wayachague. La kwanza ni shahada ya sayansi: kemia, fizikia, biolojia, takwimu na mfano wa hizo. La pili ni shahada ya uhandisi: wa ujenzi, wa umeme, wa mitambo, wa maji. Na tumeona kwamba katika nyumba nyingi uamuzi huu hufanywa kwa jina tu. Neno "injinia" lina uzito harusini na msibani, na neno "mwanasayansi" halijulikani maana yake, hivyo shahada ya sayansi huonekana kuwa fungu la yule aliyekosa uhandisi. Hilo si sawa, na katika makala haya tutajaribu kueleza kwa nini.

Maswali mawili

Tuanze na lugha yenyewe. Neno letu "uhandisi" limetokana na neno la Kiarabu "handasa", ambalo nalo lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya mwanzo ni kipimo. Mhandisi, basi, ni mtu wa kupima na kukadiria: ukuta huu utabeba uzito gani, bomba hili litapitisha maji kiasi gani, waya huu utahimili umeme upi. Mwanasayansi naye ni mtu wa kutaka kujua jambo lilivyo: kwa nini chuma kinashika kutu, ni kitu gani kilichomo ndani ya maji haya, ugonjwa huu unapitia njia ipi.

Mwanasayansi huuliza: "Je, hili ni kweli, na sababu yake ni nini?" Mhandisi huuliza: "Je, hiki kitasimama, kitafanya kazi, na watu wataweza kukilipia?" Wote wawili wanatumia hisabati ileile na wengi wao husoma fizikia ileile katika mwaka wa kwanza. Kinachowatenganisha ni swali linalowaamsha usiku.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni jiko la makaa. Akina mama wanaosoma makala haya wanalijua jiko lile la bati lenye kiuno chembamba na kikombe cha udongo ndani yake. Jiko hilo lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuchukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji, hapa hapa Eastlands, ndio waliolitia mkononi. Ndani yake mna elimu mbili. Kujua kwamba udongo uliochomwa huzuia joto lisipotee, na kwamba bati na udongo havitanuki kwa kiasi kimoja vinapopata moto, hiyo ni sayansi. Kuamua udongo ukae sehemu gani ili usipasuke, jiko liwe na umbo gani ili sufuria ya ugali isipinduke wakati wa kusonga, na bei iwe gani ili mke wa kibarua amudu kulinunua, huo ni uhandisi. Jiko hilo likitumiwa vizuri hupunguza makaa kwa theluthi moja hadi nusu. Fedha hizo zimebaki katika mikoba ya akina mama kwa zaidi ya miaka arubaini. Ni nani kati ya wawili hao tungesema hakuhitajika?

Kisa cha Ibn al-Haytham

Maulamaa wetu waliyajua haya mapema. Wanahistoria wanasimulia kwamba Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefariki karibu na mwaka 1040, alidai kuwa angeweza kujenga kitu cha kuyazuia maji ya Mto Nile, yasizidi wakati wa mafuriko wala yasipungue wakati wa ukame. Khalifa wa Misri, al-Hakim, akamwita na kumpa watu na mali. Alipofika kusini karibu na Aswan na kuuona mto kwa macho yake, pamoja na majengo makubwa ya watu wa kale waliokuwa wajuzi wa ujenzi lakini hawakuthubutu jambo hilo, alitambua kwamba kwa vifaa vya zama zake haliwezekani. Inasimuliwa kwamba alijifanya mwendawazimu ili anusurike na hasira ya mtawala.

Aligeukia maswali ya nuru na jicho. Akathibitisha kwa majaribio kwamba tunaona kwa sababu nuru huingia machoni kutoka kwenye vitu, na kwamba jicho halitoi mionzi kama walivyodhani wengi kabla yake. Kitabu chake cha elimu ya nuru kilisomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Bwawa kubwa la Aswan lilikamilika mwaka 1970, zaidi ya miaka 900 baada yake.

Mtu yuleyule alishindwa katika uhandisi akawa imamu katika sayansi, na kushindwa kwake hakukumpunguzia heshima. Mzazi ambaye mwanawe amekwama katika mojawapo ya njia hizi asione kwamba milango yote imefungwa.

Dandora na Huruma

Sasa tutazame mitaa yetu. Jaa la taka la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yanamwaga taka. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wanaoishi kando ya jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa kuwa cha hatari wakati ule. Risasi haionekani kwa macho wala haina harufu. Mama angeweza kumwogesha mwanawe kila jioni na asijue kinachoingia mwilini mwake. Aliyelijua hilo ni mtu wa maabara, aliyechukua damu na udongo, akapima, akaandika namba. Hiyo ndiyo kazi ya mwanasayansi: kuwapa wanyonge ushahidi ambao hauwezi kupuuzwa kwa maneno ya siasa.

Lakini namba peke yake haiondoi jaa. Wanahitajika wahandisi wa kubuni jaa lenye sakafu isiyovuja, mitaro ya maji machafu na njia ya kukamata moshi.

Kisha tukumbuke usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Mvua kubwa ilinyesha Nairobi, na jengo la ghorofa 6 lililosimama kando ya mto huko Huruma likaanguka na watu wake wamelala. Waliofariki walikuwa wapatao 50. Mtoto mchanga aliokolewa akiwa hai baada ya takriban saa 80 chini ya kifusi, na nchi nzima ikamshukuru Mungu. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Hapo halikuwapo fumbo la sayansi lisilojulikana; nguvu ya saruji na udongo wa kando ya mto ni mambo yaliyokwisha kuandikwa vitabuni. Kilichokosekana ni mtu mwenye ujuzi na amana wa kusema "hapa hapajengwi", na watu wa kumsikiliza.

Kwa hivyo tunapomwelekeza kijana kwenye uhandisi tu kwa sababu ya jina na mshahara, tukumbuke kwamba saini ya mhandisi ni ushahidi, na ushahidi wa uongo unajulikana hukumu yake.

Fardhi ya wote

Imamu al-Ghazali katika kitabu chake cha Ihya aliitaja tiba na hesabu kuwa miongoni mwa fardhi kifaya, yaani mambo ambayo wasipopatikana wa kuyatenda katika mji, mji mzima hupata dhambi. Aliziingiza humo pia kazi za mikono ambazo watu hawawezi kuishi bila hizo, kama ukulima na ufumaji. Tukilipima hilo kwa maisha ya leo, mtaa usio na wa kupima maji yake una upungufu, na mtaa usio na wa kujenga mabomba yake una upungufu. Na katika Qur'ani tunasoma kwamba Nabii Nuh (A.S.) alifundishwa kuunda jahazi, Nabii Dawud (A.S.) alilainishiwa chuma, na Dhul-Qarnayn alijenga kizuizi cha chuma na shaba kuwakinga watu dhaifu. Vilevile tunasoma amri nyingi za kuzitazama mbingu, milima, ngamia na mvua, na kuzingatia vilivyoumbwa. Kutazama na kuunda, vyote viwili vimo.

Mama na ami

Mwaka huu alitujia mama mmoja wa Umoja, muuza mahamri, akiwa na bintiye. Baada ya salamu alisema: "Sheikh, mtoto huyu anataka uhandisi wa ujenzi. Ami yake wa Mombasa ndiye aliyeahidi karo, naye amesema mtoto wa kike hapandi majukwaa ya mjengo. Anataka asome biolojia, afanye kazi ndani ya chumba, kwa stara."

Tulimgeukia binti na kumuuliza: "Mwanangu, kitu gani hasa unachokitaka katika ujenzi?" Alisita kwa haya, kisha akajibu kwamba jengo la Huruma lilipoanguka yeye alikuwa mtoto mdogo, na walikuwa wakiishi mtaa wa jirani. Tangu hapo, kila wanapohamia nyumba mpya, yeye hutazama nguzo kabla ya kutazama vyumba. Tukamuuliza kuhusu biolojia. Akasema: "Nilipata A, Sheikh, lakini nilikuwa naikariri tu."

Tulimwambia mama kwamba jibu la mwanawe limekwisha kusikika. Kuhusu stara, tulisema hivi, na tunalirudia kwa ami wote wanaosoma. Stara ni wajibu wa mwanamke na mwanamume, na inawezekana palipo na nia. Maabara nayo ina wanaume. Kuwa ndani ya chumba pekee hakumhifadhi mtu. Kazi kubwa ya mhandisi wa ujenzi hufanyika mezani, kwa hesabu na michoro; anapokwenda kwenye mjengo huvaa kofia ngumu, viatu vya usalama na nguo zisizobana, na hakuna katika hayo kinachogongana na hijabu. Mambo ya kuuliza ni ya kweli na yana majibu: binti atakaa wapi, atarudi nyumbani saa ngapi, mafunzo ya kazini atayafanyia wapi na pamoja na nani. Mtoto wa Eastlands anayesoma katika chuo cha mjini au cha Juja anaweza kupangiwa haya yote na wazazi wake.

Ami bado hajatoa jibu la mwisho tunapoandika. Tumemwandikia barua, na tunamuomba Mwenyezi Mungu aulainishe moyo wake, kwani karo aliyoiahidi ni sadaka, na sadaka haipendezi ikifungwa kwa kamba.

Na wapo wa upande wa pili. Tunamjua kijana wa Kaloleni aliyesukumwa kwenye uhandisi wa umeme, hali moyo wake uko katika takwimu na magonjwa ya watu. Naye anahitaji mzazi wa kumsikiliza.

Mambo ya kuyajua kabla ya kubonyeza

Mapenzi ya mtoto hayatoshi bila maarifa ya njia yenyewe. Haya ndiyo tunayowaomba wazazi wayaangalie.

La kwanza ni muda. Shahada ya sayansi kwa kawaida ni miaka 4, na ya uhandisi ni miaka 5. Mwaka mmoja wa ziada ni karo, nauli na chakula, na familia iupange tangu mwanzo. Lakini mwanasayansi anayetaka kufanya utafiti, katika taasisi kama KEMRI, mara nyingi atahitaji shahada ya pili na hata ya tatu. Kwa hivyo asidhani kwamba njia yake ni fupi.

La pili ni kibali. Kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, mtu hawezi kujiita mhandisi nchini Kenya mpaka asajiliwe na Bodi ya Wahandisi, na Bodi hiyo huzitambua shahada ilizozikagua tu. Wapo vijana waliomaliza miaka 5 kisha wakaambiwa kwamba shahada yao haimo. Kabla ya kuchagua, itazameni orodha ya Bodi, mkiangalia jina la chuo pamoja na jina la kozi yenyewe. Shahada zenye jina la "teknolojia ya uhandisi" zina bodi yake nyingine, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Baada ya kuhitimu, kijana hufanya kazi miaka isiyopungua 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa ndipo apate daraja kamili.

La tatu ni masomo ya sekondari. Uhandisi hudai hisabati, fizikia na kemia, kila moja kwa alama ya C+ au zaidi. Katika mfumo wa 8-4-4 fizikia si ya lazima, na mabinti wengi huiacha wanapoingia kidato cha tatu, wakiambiwa kwamba ni ngumu. Siku hiyo mlango wa uhandisi hufungwa kimyakimya, na mzazi hugundua miaka miwili baadaye. Katika mtaala mpya, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya 10 Januari 2026, mkondo huchaguliwa mapema zaidi. Mwenye mtoto wa gredi ya 9 leo, swali hili ni lake pia.

La nne ni kwamba kukosa nafasi si mwisho. Aliyepata alama za chini anaweza kuanza na diploma katika chuo cha ufundi, apate mikono yenye kujua kazi, kisha apande ngazi. Fundi mwaminifu wa Kamukunji au Kariobangi ana heshima kwetu kuliko mhandisi anayeuza saini yake.

La tano ni mkopo. Mkopo wa serikali kwa wanafunzi umekuwa ukitozwa riba ya asilimia 4, na familia nyingi za Kiislamu husita kwa sababu hiyo, nazo zina haki ya kusita. Waulizeni maulamaa wa mtaa wenu kabla ya kutia saini, na kamati za misikiti zijue kwamba kijana asiyetaka riba anahitaji zaka na misaada yetu. Maneno matupu hayamlipii karo.

Wazee wetu walilijua hili

Wapwani tusione kwamba elimu hizi ni za wengine. Mwaka 1948 kilianzishwa Mombasa chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya wakati ule. Wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Chuo hicho kiligeuzwa Taasisi ya Ufundi mwaka 1966, kikaitwa Politekniki ya Mombasa mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Leo kinafundisha sayansi na uhandisi ndani ya ua mmoja. Waliotoa fedha zao walitaka watoto wa Kiislamu wajue kuunda na kutengeneza, na wengi wao hawakuishi kuona matunda yote.

Basi, enyi akina baba na akina mama, kabla ya kubonyeza chaguo, kaeni na mtoto jioni moja bila jamaa wengine. Muulizeni ni swali gani linalomnyima usingizi: kujua kilichomo ndani ya kitu, au kukifanya kitu kisimame? Kisha itazameni orodha ya Bodi, hesabuni karo ya miaka yote, muacheni mtoto aswali istikhara, nanyi muombeeni.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, awape mikono yenye amana na macho yenye kuona haki, na azilinde nyumba zetu za Eastlands na za Pwani, nguzo zake na walio ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.